Kuacha na kuachia: jibu kwa mshonaji wa miaka 66

Barua imetoka kwa mama wa miaka 66 ambaye cherehani ndiyo iliyomlea na kumlelea watoto. Dada yake mkubwa amefariki miezi 7 iliyopita, naye alikuwa kando ya kitanda usiku ule wa mwisho. Pumzi za dada zilikuwa zikikatika, kisha zikirudi kwa mkoromo, na hadi leo anazisikia. Anashtuka saa 9 usiku akiwaza kwamba sasa zamu ni yake. Tundu la sindano halionekani vizuri, vidole vinakufa ganzi, na binti yake anamsihi apumzike, auze mashine. Kabatini limebaki gauni alilokuwa akimshonea dada yake, halijapindwa. Anamaliza kwa kuuliza: "Nitajifunzaje kuachia bila kujiona nimekwisha kabla ya kufa?"

Shikamoo, dada yangu. Umenizidi miaka 8. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na dhiki mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, kwa hiyo nimekaa kando ya vitanda vingi kama kile ulichokaa wewe. Naomba nianzie pale ulipopita haraka kwenye barua yako, maana naona ndipo mwiba ulipochoma: zile pumzi.

Hukuniuliza kama dada yako aliteseka. Uliandika tu kwamba unazisikia, ukahamia kwenye macho na mashine. Lakini anayesikia pumzi za marehemu kwa miezi 7 ana swali moyoni, na afadhali tulitoe nje tulitazame.

Mtu anayekufa taratibu, kwa ugonjwa wa muda mrefu, mara nyingi hubadilika namna ya kupumua siku au saa za mwisho. Pumzi huanza ndogo, zikakua, zikapungua, kisha kimya. Kimya hicho kinaweza kuchukua nusu dakika, wakati mwingine zaidi, na aliyekaa kando hudhani yameisha. Halafu zinaanza tena. Daktari John Cheyne aliieleza hali hii mwaka 1818, na William Stokes akaieleza tena mwaka 1854, wote wakifanya kazi Dublin, na mpaka leo sisi madaktari tunaziita pumzi hizo kwa majina yao mawili. Kinachotokea ni kwamba mawasiliano kati ya damu na sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi yamelegea na kuchelewa. Hewa chafu hujikusanya kwanza, ndipo amri ya kuvuta pumzi inapofika. Mgonjwa hakabwi na mtu, wala hapigani kutafuta hewa. Mara nyingi kufikia hapo fahamu zimekwenda mbali kiasi kwamba hajui kama amesita kupumua.

Na mkoromo? Ni mate na makohozi kidogo tu yaliyotuama nyuma ya koo, kwa sababu mgonjwa hawezi tena kumeza wala kukohoa. Hewa ikipita juu yake inatoa sauti ile. Wewe au mimi tungekuwa na tone hilo kooni sasa hivi tungekohoa mpaka machozi yatoke. Yeye hakukohoa, na hiyo ni dalili kwamba hakulihisi. Uzito wa sauti ile uliubeba wewe uliyekuwa macho, dada.

Sikuwepo chumbani na siwezi kuapa. Ila sisi hatupimi mateso ya mtu wa namna hiyo kwa masikio, tunamtazama uso na mikono. Paji la uso limekunjamana? Anagugumia akigeuzwa? Mikono inahangaika juu ya shuka? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba uso wake ulikuwa "kama mtu aliyepitiwa na usingizi mchana". Hicho ndicho kipimo, na ulikisoma vizuri bila kujua. Zikija tena zile pumzi usiku, zipeleke kwenye uso huo. Na kama unajilaumu kwamba hakunywa maji siku zile mbili, acha kujilaumu. Mwili unaofunga kazi hauombi chakula wala maji kama mwili wenye afya, na kumlazimisha kungeweza kumpalia. Kumlowesha midomo, kama ulivyofanya, ndiyo huduma yenyewe.

Sasa saa 9 usiku. Umesema unajitahidi "kuyafukuza" mawazo ya kifo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Walishindwa kumzuia, kengele zilizidi kulia. Walipoachiwa baadaye wafikirie watakacho, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Kifo chako kinafanya kama dubu yule. Unakifungia mlango mchana kutwa kwa kazi na maneno ya "tuyaache hayo", basi kinabisha hodi usiku, wakati huna mtu wa kuzungumza naye na kila jambo linaonekana kubwa mara mbili.

Kipe nafasi mchana. Nasema hivi kwa maana ya kawaida kabisa: chagua saa, labda alasiri, keti na karatasi, uandike unaogopa nini hasa. Usiandike "kifo", neno hilo ni pana mno halishikiki. Wagonjwa wangu wakilichambua hutoka na vitu tofauti kabisa. Kuna anayeogopa maumivu. Kuna anayeogopa kuwa mzigo kwa wanawe. Kuna mwenye jambo aliloliacha njiani, na kuna ambaye hofu yake ni ile ya kutokuwepo, dunia iendelee na asubuhi zake bila yeye.

Maumivu tunayaweza kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani, mradi tuitwe mapema. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua hospisi (makao ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's London mwaka 1967, ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayakai mwilini tu, yana upande wa moyo, wa jamaa na wa roho, na dawa ya upande mmoja haitoshi kwa mwingine. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa hospitali moja ya Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo, pamoja na matibabu ya saratani, walikuwa na nafuu zaidi ya maisha na huzuni pungufu, na kwa kipimo cha kati, yaani muda ambao nusu ya kundi waliuvuka, waliishi miezi 11.6, wenzao 8.9. Nakuambia haya kwa sababu watu wengi wanatuogopa sisi, wakidhani tukiingia mlangoni matumaini yametoka.

Hofu ya kutokuwepo sina dawa yake na sitakudanganya. Hapo dini yako ina maneno ambayo mimi sina, na kuzungumza na mtu unayemwamini kunasaidia kuliko kuzungumza na dari. Nilichoona kwa miaka yote hii ni kwamba hofu hiyo hupungua makali kwa waliokwisha kushughulikia zile nyingine tatu.

Kuhusu yule aliyekwambia huzuni ina hatua tano na ungepaswa uwe umefika kwenye ile ya mwisho, ya kukubali: daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross aliandika hatua hizo mwaka 1969 baada ya kuzungumza na watu waliokuwa wanakufa wenyewe. Si ngazi ya wafiwa, na hakuna anayekuhesabia vidato. Maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyaona ni ya watafiti wa msiba Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa huyumba. Leo yuko ndani ya msiba, kesho yuko sokoni anapiga hesabu, keshokutwa amerudi msibani. Kule kucheka kwako harusini, kulikokufanya ujione msaliti, ni upande mmoja wa kuyumba huko. Mwili unapumzika ili uweze kulia tena.

Kabla hatujafika kwenye kuachia, kuna jambo nataka ulishike kwa mikono miwili. Usiachie kitu ambacho kinatibika. Hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wakijizika nusu kwa jina la uzee. Lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kuona karibu tangu miaka ya 40, na hiyo inataka miwani tu. Mtoto wa jicho hufunika lenzi ukungu polepole, na upasuaji wake ni mfupi na mara nyingi hurudisha nuru. Ganzi ya vidole kwa mshonaji inaweza kuwa mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, au sukari, au upungufu wa vitamini B12. Yote hayo yana vipimo, na "umri umekwenda mama" si kipimo. Akikujibu hivyo mtu kabla hajakugusa, omba mwingine.

Hata nguvu za mwili. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwachukua watu 10 dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi, wanaoishi katika makao ya wazee, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya walivyoanza. Watu wa miaka 90! Wewe una 66. Anza kwa kuinuka kitini bila kujisaidia kwa mikono, mara kadhaa asubuhi, mara kadhaa jioni.

Na usingizi huo mbovu umwambie daktari. Usingizi wa utu uzima huwa mwepesi kwa kawaida. Lakini ukikosa usingizi, ukakosa na hamu ya kula, ukakosa na ladha ya vitu ulivyovipenda, wiki baada ya wiki, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina tiba katika umri wowote. Kwamba siku hizi hutaki mikusanyiko na unataka kukaa na watu wako watatu wanne tu, hilo peke yake halinitishi. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amelichunguza kwa miaka mingi: watu wakihisi muda umefupika huchagua wale wanaowagusa moyo na kuwaacha wengine waende, na wengi huwa na utulivu zaidi kwa kufanya hivyo.

Yanayotibika yakishatibiwa, yatabaki yasiyotibika. Hapo ndipo swali lako linapoanza, na nimelisoma mara nyingi kwa sababu ya neno moja ulilolitumia. Hukuandika "kuacha", umeandika "kuachia". Ukiacha kitu, kinaweza kuanguka popote. Ukiachia, lazima awepo wa kuachiwa. Herufi hiyo moja ndiyo niliyoiona ikitenganisha wagonjwa wangu waliokwenda kwa utulivu na wale waliong'ang'ana hadi dakika ya mwisho. Aliyeambiwa aache, aache kuendesha gari, aache duka, aache kupanda ngazi, hujiona anavuliwa nguo moja moja. Aliyepata wa kumwachia huwa na kazi, na mwenye kazi hajaisha.

Nilikuwa na mgonjwa seremala. Saratani ilikuwa imemfika kwenye mifupa na mkono wa kulia ulikuwa hauinui randa tena. Wanawe walitaka kuuza vifaa vyote kwa mkupuo ili nyumba ipate nafasi. Yeye aliomba avitoe kimoja kimoja, kwa kijana aliyekuwa akijifunza kwake. Siku niliyomtembelea ilikuwa zamu ya patasi. Aliketi kitandani, kijana amepiga magoti na kipande cha mbao, na mzee hakusema neno. Alishika tu kidole gumba cha kijana, akakisogeza nyuma kidogo, mbali na makali, akakibana hapo kwa kidole chake mpaka kikazoea. Kisha akalala. Wiki iliyofuata ilikuwa msumeno. Penseli peke yake hakumpa mtu, ilibaki sikioni mwake hadi siku aliyolazwa. Sikuwahi kumsikia akisema amekwisha.

Kwa hiyo usiuze mashine kwanza. Anayenunua ni mgeni, atabeba chuma aondoke, na kile ulichokiweka ndani yake kwa miaka yote hiyo kitabaki kinakudai. Punguza. Paul Baltes na mkewe Margret, walioutafiti uzee nchini Ujerumani, walipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyepiga mbele ya hadhira hadi akiwa na miaka 89. Alieleza mwenyewe alivyoweza: alipunguza idadi ya nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi hizo chache, na kabla ya sehemu za kasi alipiga polepole makusudi ili kasi iliyofuata isikike kubwa. Wewe fanya hivyo kwa nguo. Toa zari na darizi, toa kazi za usiku, toa wateja wa "nataka kesho". Baki na kile ambacho jicho lako hata likiwa na ukungu halikosei, nadhani ni kukata, maana umeniandikia kwamba unamtazama mtu akiingia mlangoni ukajua kipimo chake. Tundu la sindano linataka macho ya kijana, lakini hilo la kumjua mtu kwa kumtazama hakuna kijana anayelo. Mtafute mmoja. Anaweza kuwa mjukuu, anaweza kuwa binti wa jirani ambaye hana kazi. Yeye atunge uzi, wewe ukate.

Binti yako asikusumbue moyo. "Pumzika mama" ya mtoto mara nyingi ni hofu iliyovaa adabu. Ameona mama yake mkubwa akifa, sasa anakutazama wewe ukipapasa sindano. Muulize anaogopa nini, na umwache amalize kusema. Halafu nawe mwambie mambo ambayo siku moja atayahitaji: nani aseme kwa niaba yako ukishindwa kusema, ungependa uwe nyumbani au hospitali, ni matibabu gani ungeyataka na ni kikomo gani ungeomba wasikivuke. Yaandikeni, kila mmoja abaki na nakala. Hiyo ni tofauti na wosia wa mali, ambao nao uandikwe. Nimeona ndugu wakigombana kwenye korido ya hospitali, kila mmoja akisema "mama angetaka hivi", na mama alikuwa hai miezi sita nyuma, angeulizwa angejibu kwa dakika kumi. Mtoto aliyeambiwa analala usingizi baadaye. Hata wewe utalala vizuri zaidi, maana mawazo mengi ya saa 9 usiku ni maagizo ambayo hayajapata wa kupokea.

Lile gauni. Umeniuliza ulimalize, uligawe au ulichome. Usilichome, hilo nakuomba, kwa kuwa ukilichoma leo kesho huwezi kubadili mawazo. Hayo mengine mawili hayana mwisho wa muda. Kama linakaa kabatini mwaka mzima, likae. Siku mikono yako itakapolitaka utajua, na ningependa siku hiyo usiwe peke yako chumbani. Umesema binti yako ana umbo la dada yako. Sikuambii cha kufanya na hilo, nimeliona tu limeandikwa pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo.

Wiki hii fanya jambo moja. Nenda kapimwe macho, na kabla hujaenda keti mbele ya mashine kama unavyokaa siku zote, mtu mwingine ashike futi apime kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye sindano. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi, na wengi hupewa hiyo kisha wakaikuta haifai kwenye mashine, wakadhani macho yamekufa. Andika hiyo namba kwenye karatasi, uende nayo, pamoja na sindano unayotumia zaidi na uzi mweusi unaokushinda. Mwonyeshe daktari umbali unaofanyia kazi, na usitoke mle chumbani mpaka umejaribu kutunga uzi mbele yake.